Nilikata, gari ikakatala: kuchagua kati ya spuli na loka kwa pontu ya mbele



Wiki iliyopita kijana mmoja aliyemaliza mekanika nyuma yetu alinipigia simu. Wazazi wake wana jipe ya kubeba mizigo. Difarensiele ya mbele imekufa, na fundi amewaambia waisude moja kwa moja ili wasisumbuke tena. Akaniuliza: "Yaya, tufunge spuli, ao tutafute loka?" Nilimuomba siku mbili nimuandikie vizuri. Andiko limekuwa refu kuliko nilivyofikiri, basi nimeona heri niliweke hapa wote walisome. Swali lake njo swali lenye mimi nililijibu vibaya mwaka 2018, na jibu langu lilibakiza kidogo tu litupe bondeni gari ya jamaa pamoja na watu watano.

Nianze na gari yenyewe. Baba mudogo wangu alikuwa na Land Cruiser ya pikapu, ile ya namba 79 yenye motere ya dizeli 1HZ ya litre 4.2. Ilikuwa inafanya safari ya Bukavu kwenda Kamituga kupitia Mwenga. Kwenda inabeba sabuni, chumvi, nguo na vinywaji. Kurudi inabeba mafuta ya mawese, ndizi na wamama wa biashara wenye kukaa juu ya mizigo. Ada za masomo yangu, tangu graduat mpaka licence, zilitoka kwenye ile gari. Kwa hiyo siku difarensiele ya mbele ilipovunjika meno, haikuwa hesabu ya mtihani. Kila siku gari inalala garaji, kuna watoto wanafukuzwa shule kwa ajili ya minerval.

Kwenye garaji tulipewa njia tatu. Ya kwanza: kutafuta vipande vya kawaida, kurudisha difarensiele kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili: kusude meno ya ndani, yaani kutengeneza spuli ya kienyeji, kazi ya nusu siku kwa pesa kidogo sana. Ya tatu: kuagiza loka ya hewa, yenye bei yake inapita dola elfu moja kabla hujalipa usafiri na duane. Baba mudogo alinitazama na kusema mbele ya wote: "Ingeniere yetu njo huyu. Aseme." Nilikuwa na miaka 25 na diploma isiyokuwa na mwaka mmoja. Nikasema.

Kabla sijawaambia nilichosema, tuelewane kwanza difarensiele inafanya kazi gani, maana bila hiyo hamutaona kosa langu liko wapi.

Kazi ya difarensiele

Mnakumbuka defile ya tarehe 30 juni. Mstari wa wanafunzi kumi unapofika kwenye kona, yule wa ndani anapiga hatua pale pale, na yule wa nje karibu anakimbia. Wote wanamaliza kona pamoja, lakini hawakutembea urefu mmoja. Magurudumu mawili ya pontu moja ni vile vile. Tuseme kati ya gurudumu la kushoto na la kuume kuna mita 1.5. Gari ikizunguka duara nzima, gurudumu la nje linatembea urefu unaozidi wa ndani kwa mara mbili ya π mara 1.5, yaani karibu mita 9.4. Ona jambo la ajabu: hesabu hii haijali duara ni kubwa ao ndogo. Kwenye kona ya pembe mraba, robo ya duara, tofauti ni karibu mita 2.36. Na pine ya 7.50 R 16 ikizunguka mara moja inatembea kama mita 2.5. Maana yake, kwenye kila kona ya pembe mraba, gurudumu la nje linahitaji karibu mzunguko mmoja mzima zaidi ya mwenzake.

Difarensiele njo inaleta ruhusa hiyo. Ndani ya kurone kuna meno madogo yanayoweza kuzunguka yenyewe, ili upande mmoja uende haraka na mwingine pole pole, huku wote wawili wanasukumwa. Mfaransa Onésiphore Pecqueur aliileta kwenye gari ya mvuke tangu miaka ya 1820, na mpaka leo wazo ni lile lile.

Lakini ruhusa hiyo ina bei. Difarensiele ya kawaida inagawanya nguvu sawa sawa kushoto na kuume, siku zote. Gurudumu la kushoto likiwa ndani ya matope laini, lenye kuweza kupokea nguvu kidogo tu kabla ya kuanza kuteleza, basi na la kuume litapata kidogo kile kile, hata kama liko juu ya jiwe kavu. Haina maana kukanyaga mafuta. Lenye kuteleza linazunguka kama feni, lenye kushika linabaki limesimama. Kila mtu aliyesukuma gari kwenye barabara zetu wakati wa mvua ameona picha hiyo: gurudumu moja linarusha matope mpaka kwenye uso wako, na lingine halijui hata kama motere inawaka.

Spuli ni nini

Spuli ni kukataa ruhusa hiyo kabisa. Unatoa meno madogo yote, unaweka kipande kimoja cha chuma kinachofunga mashafti mawili kwenye kurone. Kushoto na kuume vinazunguka pamoja, milele, kama fimbo moja. Spuli ya kununua ni chuma kilichochongwa kwa kazi hiyo. Spuli ya garaji zetu ni difarensiele ya zamani iliyosudiwa meno yake.

Faida zake ni za kweli, na sitazificha. Haina kitu cha kuharibika: haina waya, haina mpira wa hewa, haina resori. Ni nyepesi na bei yake ni ya chini. Na kwenye matope nguvu yote inakwenda kwa gurudumu lenye kushika. Kama moja liko hewani na lingine liko juu ya jiwe, la juu ya jiwe linavuta peke yake.

Loka ni kitu kingine. Loka inafunga mashafti mawili kama spuli, lakini inajua pia kuyafungulia. Kwenye garaji zetu wengi wanaiita blokaji. Kuna aina mbili kubwa, nitazieleza mbele kidogo.

Mimi nilichukua kalamu na karatasi. Nikahesabu nguvu ya kuvuta kwa difarensiele ya kawaida, kisha kwa spuli. Spuli ilishinda. Nikahesabu bei. Spuli ilishinda tena. Nikahesabu kama chuma kilichosudiwa kitavumilia. Kitavumilia. Nikamwambia baba mudogo: "Tusude." Muzee wa garaji, mwenye miaka kama arobaini ndani ya mafuta machafu, alikuwa amekaa juu ya ngoma tupu, anatafuna muhogo. Alisema tu: "Mutoto yangu, nyuma ningekubali. Mbele, hapana. Mbele njo inakata." Nilitabasamu kwa heshima. Nikafikiri: huyu hajasoma.

Wiki tatu nzuri, na kona moja

Wiki tatu za kwanza nilikuwa shujaa. Gari ilipanda mahali kamyo zimelala siku mbili. Dereva wetu, mtu mzima mwenye watoto wanne, alikuwa ananitumia ujumbe: "Ingeniere, kitu yako iko nguvu." Kitu kimoja tu alikilalamikia: vola imekuwa nzito, mabega yanauma jioni. Nikamwambia atazoea.

Siku ya mvua mwezi wa 11, wakati wa kurudi, walikuwa wanashuka mteremko upande wa Mwenga. Magurudumu yote manne yanavuta, gari imejaa mitungi ya mawese, wamama watatu juu, dereva na msaidizi wake ndani. Chini ya mteremko kuna kona ya kushoto, na upande wa kuume ni bonde. Juu ya barabara kulikuwa na matope membamba, lakini chini yake udongo mgumu wenye mawe. Dereva aliniambia baadaye kwa maneno ambayo sijayasahau: "Nilikata, gari ikakatala. Magurudumu yaliangalia kushoto, gari yenyewe ikaendelea mbele." Alikata mpaka mwisho, akakanyaga mafuta akifikiri magurudumu ya mbele yatamvuta ndani ya kona. Akasikia mlio kama bunduki. Gari ikasimama ikiegemea kifungu cha udongo kilichokuwa pembeni. Bila kile kifungu, nisingeandika hapa leo. Mama mmoja alivunjika mkono. Mitungi zaidi ya kumi ilimwagika.

Tulipofungua pontu ya mbele, meno niliyosude yalikuwa mazima kabisa. Hesabu yangu ya chuma kile ilikuwa sahihi. Kilichopasuka ni karda ya gurudumu la kuume, ile ya mviringo yenye kukaa kwenye goti la gurudumu, inayopeleka nguvu huku gurudumu linageuka. Nilihesabu chuma nilichokifunga, sikuhesabu chuma kinachofuata.

Kwa nini mbele haiko kama nyuma

Hapa njo kiini cha maneno yangu yote. Pontu ya nyuma ina kazi moja: kusukuma. Pontu ya mbele ina kazi mbili: kuvuta na kuelekeza. Ukiifunga bila njia ya kuifungulia, umeisaidia kazi ya kwanza na umeidhulumu ya pili.

Angalia kwenye kona. Gurudumu la ndani linataka kuzunguka pole pole, la nje linataka haraka. Spuli inayalazimisha mwendo mmoja. Basi la ndani linazunguka haraka kuliko njia yake, linasukuma upande wake mbele. La nje linazunguka pole kuliko njia yake, linavuta upande wake nyuma. Weka nguvu hizo mbili pamoja: zinajaribu kunyoosha gari, kuitoa kwenye kona. Njo maana vola inakuwa nzito na inapenda kurudi katikati yenyewe. Ile mita 2.36 ya kona ya pembe mraba haipotei. Lazima pine ziteleze juu ya udongo mpaka iishe. Na pine ina kiasi kimoja tu cha kushika. Ikikitumia kupigana na mwenzake, kinachobaki cha kushika kwa upande, yaani cha kuizuia gari isiende bondeni, ni kidogo.

Kwenye matope marefu na laini kabisa hutaona sana, juu pine zinateleza bila shida. Hatari iko pale udongo unashika nusu: matope membamba juu ya mawe. Barabara zetu za mlima karibu zote ziko vile.

Sasa ile karda. Kwa difarensiele ya kawaida, shafti moja ya mbele haiwezi kupata zaidi ya nusu ya nguvu ya pontu yake. Kwa spuli, kama gurudumu moja ndilo linashika peke yake, linaweza kupata nguvu yote. Na kwenye Land Cruiser ya aina hii hakuna difarensiele ya katikati. Ukiingiza magurudumu manne, mbele na nyuma zimeshikana, basi hata sehemu ya nguvu ya nyuma inaweza kuja mbele. Vitesi ya kwanza pamoja na magia ya chini na kurone vinazidisha nguvu ya motere zaidi ya mara 40. Weka hiyo yote juu ya karda moja. Ongeza kwamba karda inakuwa dhaifu kadiri gurudumu linavyogeuka: ikinyooka inabeba mengi, ikikunjwa mpaka mwisho inabeba machache. Dereva alikata mpaka mwisho na akakanyaga mafuta. Siwezi kumlaumu. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba gari yake imebadilika, na mwenye wajibu wa kumwambia nilikuwa mimi.

"Lakini si kuna rulibre?"

Mwenye kujua magari atanipinga hapa, na atakuwa na haki. Gari nyingi za aina hii zina rulibre, kile kifuniko cha katikati ya gurudumu la mbele chenye unageuza kwa mkono, kutoka FREE kwenda LOCK. Ukiweka FREE, gurudumu linaachana na shafti. Spuli inaweza kuwa ndani na wewe usijue. Kwenye lami unaendesha kama kawaida. Kwa mtu anayetoka mjini, anaingia porini kwa saa moja, anarudi, hoja hii ina nguvu.

Kuna hata ujanja mzuri. Ukiwa na spuli mbele, unaweza kuweka rulibre moja LOCK na nyingine FREE. Gari inavuta kwa magurudumu matatu, na vola inakata vizuri. Kwa difarensiele ya kawaida ujanja huo hauwezekani: ukifungulia upande mmoja, nguvu yote inakimbilia kule, na mbele haivuti kitu.

Lakini rudi kwenye barabara ya Kamituga. Matope, kisha mawe, kisha matope tena, kona juu ya kona, mchana kutwa. Dereva gani atashuka kila nusu kilomita, kwenye mvua, ageuze rulibre, apande, ashuke tena? Kwa siku moja atafanya. Siku ya pili ataziacha LOCK tangu asubuhi mpaka usiku. Dereva wetu alifanya vile, na mimi ningefanya vile. Kifaa kinachohitaji binadamu asichoke ni kifaa kilichochaguliwa vibaya.

Aina mbili za loka

Aina ya kwanza ni loka ya kujiendesha. Ndani yake badala ya meno madogo kuna vipande vyenye meno yanayoshikana. Motere ikisukuma, vinashikana na pande zote mbili zinakwenda pamoja. Gurudumu la nje likilazimishwa na kona kwenda haraka, meno ya upande huo yanaruka na kuliachilia, na unasikia mlio wa tak-tak. Nyingine zinaingia ndani ya nyumba ya difarensiele ileile ya zamani, na bei yake ni ya katikati.

Kwa pontu ya mbele yenye rulibre na magurudumu manne ya kuchagua, loka hii ina tabia nzuri kuliko watu wanavyodhani. Ukiendesha kwa magurudumu mawili hakuna nguvu inayokuja mbele, basi haina sababu ya kushika. Shida inakuja ukiwa kwenye manne na mguu uko kwenye mafuta: hapo inashika, na vola inakuwa nzito karibu kama spuli. Tofauti ni kwamba dereva akiachilia mafuta kidogo kwenye kona, inapumua. Ni loka yenye kumtaka dereva aelewe mguu wake.

Aina ya pili ni loka ya kuchagua. Kwa kawaida ni difarensiele wazi kama nyingine zote. Ukihitaji, unabonyeza ao unavuta, inafunga kama spuli. Ukimaliza, unafungulia. Nyingine zinafungwa kwa hewa ya kompresere ndogo, kama ARB ya Australia. Nyingine kwa umeme. Nyingine kwa kebo tu, kama ya breki ya mkono. Toyota wenyewe walitoa baadhi ya Land Cruiser zenye loka ya umeme mbele na nyuma tangu kiwandani. Kitufe chake cha kuzungusha kinafundisha kitu: hatua ya kwanza inafunga nyuma, hatua ya pili inafunga nyuma na mbele. Hakuna hatua ya kufunga mbele peke yake. Wenye kuitengeneza walikuwa wanasema kile kile alichosema muzee wa muhogo.

Hata trakta ya shamba iko vile. Ina pedali ya kufunga difarensiele ya nyuma. Mkulima anaikanyaga akikwama, na akitaka kugeuka mwisho wa shamba anatoa mguu. Hakuna mtu anaisude.

Ubaya wa loka ya kuchagua nauandika pia. Bei ni ya juu. Mpira wa hewa unaweza kukatwa na jiwe, kompresere inakufa kwa maji, na ile ya umeme ikikaa miezi bila kutumiwa inashika kutu na haitoki tena. Dawa yake ni ya bure: ifunge na kuifungulia mara moja kila wiki mahali penye udongo laini, hata kama hujakwama. Na fundi wa kijijini hataijua kama anavyojua spuli. Hayo yote ni ya kweli. Lakini angalia inavyokufa: nyingi zikiharibika zinabaki wazi, unarudi kuwa na gari ya kawaida. Spuli haina pa kurudi. Na ile ya kusude ina hatari yake zaidi, juu moto wa kusude unaharibu ugumu wa meno. Siku ikipasuka, vipande vinaanguka kati ya piniyo na kurone, na pontu nzima inakufa. Zaidi ya hayo, ukishasude, vile vipande vya kawaida havitengenezeki tena.

Nilichomjibu kijana

Nilimpa maswali, nikamuomba awaulize wazazi wake kabla hajashika kalamu ya hesabu.

Gari inafanya kazi gani? Kama ni gari ya mashindano ya kupanda mawe, ao ya shamba isiyotoka shambani, ikienda pole pole bila abiria, spuli mbele inaweza kuwa jibu la akili. Kama inabeba watu kwenye mlima, hapana.

Nyuma iko aje? Kama nyuma bado iko wazi na pesa inatosha kufunga pontu moja tu, funga nyuma kwanza. Utapata sehemu kubwa ya faida bila kugusa vola. Wengi wanaotafuta spuli ya mbele hawajamaliza kazi ya nyuma.

Saa ngapi kwa siku magurudumu manne yanavuta, na kona ni ngapi? Saa moja kwa wiki ni swali moja. Saa kumi kwa siku ni swali lingine.

Nani anaendesha? Mwenye gari aliyeisoma, ao dereva atakayebadilishwa mwezi ujao bila mtu kumueleza?

Karda na shafti ziko katika hali gani? Loka yoyote, hata ya bei kali, inaongeza mzigo juu yake. Ukifunga pontu ya mbele kwa njia yoyote, sheria ni moja: usikanyage mafuta mengi huku umekata mpaka mwisho.

Na kama pesa haipo kabisa? Basi rudisha difarensiele ya kawaida. Punguza hewa ya pine kwenye matope, beba minyororo, jembe na mbao mbili, punguza mzigo. Gari wazi yenye dereva mvumilivu inafika. Inachelewa, lakini inafika na watu wote.

Sisi tulifanya hivyo. Tulipata difarensiele nzima ya mtumba, ya kawaida, tukafunga. Mimi nililipa nusu kutoka mshahara wangu wa kwanza, ambao ulichukua miezi sita kuisha kwa deni hilo. Nilikwenda kwa yule mama aliyevunjika mkono, nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikamwambia kwamba kosa si la dereva, ni langu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Baba, ulisoma sana, lakini haukuuliza." Baba mudogo yeye hakusema kitu mpaka leo. Mwaka uliofuata alitafuta loka ya kuchagua kwa pontu ya nyuma. Ya mbele iko wazi mpaka sasa, na gari bado inafanya safari.

Muzee wa garaji nilirudi kwake na kreti ya fanta. Nilimuomba anionyeshe karda zote zilizopasuka ambazo ameziweka kwenye ngoma yake. Zilikuwa nyingi. Alizitoa moja moja, na kwa kila moja alijua gari, barabara, na namna ilivyovunjika. Kila siku nilikuwa napita mbele ya ngoma ile, na hesabu niliyoikosa ilikuwa ndani yake.

Kijana wangu, ukienda garaji kesho, beba hesabu zako, ni nzuri. Lakini kwanza uliza fundi akuonyeshe vyenye vimevunjika. Na usisude mbele.